NILITIMULIWA KWA KUCHELEWA NUSU SEKUNDE!

Leo nimekuja na kidonda cha zamani. Wale mnaolalamika kwamba safu hii imezidi habari za mapenzi, mabuzi na kuchunana, haya, nimewasikia. Leo hakuna demu. Leo kuna sekunde.

Ndiyo, sekunde. Kuna binti mmoja wa Mwananyamala aliwahi kuniacha kwa sababu nilimsimamisha saa nzima pale Magomeni Mapipa, na kwa kweli nilistahili, wala sikumlaumu. Lakini kutimuliwa na watu 39 kwa mpigo, watu ambao hujawahi kuwaona hata sura, kwa kosa la kuchelewa nusu sekunde? Iliniuma, jamani. Iliniuma mpaka nikaenda kununua kaunta buku.

Ilikuwa mwaka 2020. Nilikuwa nimemaliza shule, kazi sina, nashinda dukani kwa Braza Sele kule Sinza, duka la kutoa fotokopi na picha za paspoti. Mchana nashika mashine ya fotokopi, usiku tukishafunga mlango Braza ananiachia chumba cha nyuma chenye kompyuta moja ya maana na intaneti. Hapo ndipo nilipoingia World of Warcraft. Kwa wasioujua, huo ni mchezo uliotengenezwa na Blizzard wa kule California, Marekani, ukatoka Novemba 2004. Agosti 2019 wakaufungua tena ule wa zamani kama ulivyokuwa, wakauita Classic, na mimi ndio nikaukutia hapo. Ni dunia nzima ndani ya kioo, ina milima, bahari na mazimwi, na watu wa kweli maelfu wanatembea humo kwa wakati mmoja kila mtu na umbo lake. Huyu mchawi wa moto, yule mganga, yule mpiganaji. Mimi nilikuwa kibaka. Msicheke. Kibaka ni kazi ya heshima kule.

Nikajiunga na kundi la wazungu, maana seva zenyewe ziko Ulaya. Kiongozi wetu alikuwa jamaa mmoja wa Sweden, mtu mzima, ana watoto wawili, mpole lakini mambo ya ratiba hana mchezo nayo. Wakianza saa moja na nusu jioni kwao, kwetu ni saa tatu na nusu usiku. Tunaingia watu 40 kwenye pango la moto linaloitwa Molten Core kupambana na mabosi mmoja baada ya mwingine.

Sasa kuna bosi mmoja humo anaitwa Sulfuron. Yeye mwenyewe si tatizo. Tatizo ni waganga wake wanne. Ukiwapiga karibu kufa, mmoja anainua mikono, anasoma maneno yake, anampa mwenzake uhai tele, kazi yote ya dakika nzima inakwenda na maji. Dawa yake ni kibaka. Kibaka ana teke. Ukimpiga mganga teke katikati ya maneno yake, uchawi unakatika na kwa sekunde 5 hawezi kuurudia. Ila teke lenyewe ukishalipiga unalisubiri sekunde 10 ndipo lirudi. Kwa hiyo kila mganga mmoja anawekewa vibaka wawili wanaopokezana, mimi nakata huu, mwenzangu unaofuata.

Usiku mmoja wa Jumatano nilikosa teke mara tatu. Si kwamba nililala! Nilibonyeza. Naapa kwa mama yangu nilibonyeza. Naona mganga anainua mikono, nabonyeza, teke linatoka, na mwenzake kishapona. Mara ya kwanza wakacheka. Mara ya pili tukafa wote 40. Mara ya tatu tukafa tena, na mtu mmoja akauliza kwa maandishi makubwa kama huyo wa Afrika anacheza kwa miguu.

Nikawaambia laini yangu ina uzito. Kiongozi akajibu kwamba kila mtu ana laini, na kila mtu ana sababu, na watu 39 wametenga jioni yao. Kabla sijamaliza kuandika jibu nikaona maneno mekundu kwamba mimi si mwanakundi tena. Nikabaki nimesimama peke yangu nje ya pango, na nje ya dirisha la Braza Sele mbwa wa Sinza wanabweka. Saa tano usiku. Nilichoka mbaya.

Kesho yake ndio nikanunua kaunta buku. Nikasema hawa watu lazima niwaelewe hizi sekunde zao zinatoka wapi.

Hebu nikueleze kwa lugha ya jikoni. Kila uchawi kwenye mchezo ule una saa mbili. Ya kwanza mimi naiita saa ya kupika, yaani tangu ubonyeze mpaka uchawi utoke mkononi. Ya pili ni saa ya kupoa, yaani baada ya kutoka, lini utaruhusiwa kuutumia tena. Mpira wa moto wa mchawi unapikwa sekunde 3 na nusu. Kuna ule mkubwa wa kuunguza, Pyroblast, huo ni sekunde 6 kamili, umesimama hapo kama mnazi huku mtu anakuja kukukata kichwa. Na ukipigwa wakati unapika, sufuria linarudishwa nyuma kidogo. Na ukisogea hata hatua moja, chakula kimemwagika.

Watu wengi wanadhani mchawi mkali ni yule mwenye uchawi wenye nguvu. Hapana bwana. Wale watengenezaji hawakuwa wanapima nguvu, walikuwa wanapima subira. Uchawi mzito wanauwekea kusubiri kurefu, uchawi mwepesi wanakupa haraka lakini unakumalizia nguvu zako. Chukua mganga. Ana tiba mbili kubwa. Moja inapikwa sekunde moja na nusu, ya pili sekunde 3. Sasa tuseme umevaa nguo na vidani vinavyokuongezea nguvu ya tiba 350. Utadhani tiba zote mbili zinaongezewa 350, sivyo? Sivyo! Ndani kabisa, mahali ambapo maelezo ya uchawi hayakuonyeshi, kuna mgawanyo. Wanachukua sekunde za kupika, wanagawanya kwa 3.5. Tiba ya sekunde 3 inapata 300. Ile ya sekunde moja na nusu inapata 150 tu. Nguo zile zile, mtu yule yule. Hesabu ya Form Two hii, mimi mwenyewe niliyeambulia D ya hisabati niliipiga juu ya karatasi ya fotokopi iliyoharibika, nikasema alaa! Kumbe unalipwa kwa kusubiri.

Na kuna saa ya tatu, ambayo ndiyo mama yao. Ukishabonyeza uchawi wowote, karibu kila kitu kingine ulichonacho kinafungwa sekunde moja na nusu. Sisi vibaka yetu ni sekunde moja. Hii ndiyo inayozuia mtu mwenye vidole vya mashine ya cherehani asikumwagie uchawi sita kwa pumzi moja. Kwenye ule mchezo wao mpya, mwaka 2018 waliamua kuingiza humo uchawi mwingi ambao zamani ulikuwa huru. Wachezaji wakapiga kelele hadi mbinguni, kwamba mchezo umekuwa mzito kama punda wa maji. Mwaka 2020 wakarudisha nje baadhi. Sasa fikiria, mtu mzima na akili zake anagombana na kampuni kwa sababu ya sekunde moja na nusu. Zamani ningecheka. Baada ya ile Jumatano sicheki tena.

Kuna kisa kimoja lazima nikupe maana kilinifurahisha kuliko vyote, ingawa hakinihusu sana. Upande wa adui zetu walikuwepo wale askari watakatifu, Paladin. Hao wana ngao ya Mungu, wakiiwasha huwagusi kwa lolote, inadumu sekunde 12, halafu wanaisubiri dakika 5 ndio irudi. Sawa, haki. Halafu kila mtu kwenye dunia ile, mwema na mbaya, ana kijiwe cha kumrudisha nyumbani, unakishika sekunde 10 bila kuguswa, paap! uko kwenye baa ya kijijini kwenu, na ukishakitumia unakisubiri saa nzima. Hiyo nayo sawa. Kila saa peke yake haina ubaya. Lakini ziweke pamoja! Askari mtakatifu anakuchokoza, anaona anakufa, anawasha ngao sekunde 12, anashika kijiwe sekunde 10, na anabaki na sekunde 2 za kukupungia mkono. Tulikuwa tunawalaani hao watu. Unabaki umezunguka taa inayong'aa kama kumbikumbi. Baadaye kwenye mchezo wao mpya ngao ikakatwa mpaka sekunde 8, na biashara ikafa hapo hapo. Hawakupunguza nguvu ya ngao hata chembe. Walikata sekunde nne tu.

Turudi kwenye kidonda.

Kila usiku nikawa naandika kwenye kaunta buku laini yangu inachukua muda gani kwenda na kurudi. Hiyo mchezo wenyewe unakuonyesha, kwa milisekunde, yaani sekunde moja uikate vipande 1,000. Nilikuwa napata 180, usiku mbaya 260, usiku wa neema 165. Kumbuka uchawi hauko Sinza, uko Ulaya. Mimi nikibonyeza, habari inashuka baharini hapa hapa Dar, inapita kwenye nyaya za sakafuni mwa bahari, inapanda Bahari ya Shamu, inakatisha Misri, inaibukia kusini mwa Ufaransa ndio iende kwenye seva. Mwanga ndani ya waya huo unakimbia kilomita kama 200,000 kwa sekunde, na njia yenyewe inafika kilomita 10,000. Kwenda na kurudi ni milisekunde 100, hata kama mitambo yote ya njiani ingekuwa ya malaika. Hapo hakuna fundi wa kumlalamikia. Labda umlalamikie Mungu aliyeiweka Dar mbali. Na hata hizo ni afadhali, maana kabla ya Julai 2009, waya wa Seacom ulipoanza kazi hapa, intaneti yetu ilikuwa inapanda kwa setilaiti, na kwenda na kurudi angani peke yake ni karibu nusu sekunde.

Lakini 180 ni chini ya robo ya sekunde. Mbona teke lilikuwa linachelewa nusu? Hiyo nusu iliyobaki iko wapi?

Siku nne baada ya kutimuliwa nikamkuta kiongozi yule nje ya geti la Orgrimmar, mji mkuu wa upande wetu, pale wachezaji wanapopenda kupigana mmoja kwa mmoja kwa mazoezi. Na yeye alikuwa kibaka. Nikamwita kwenye pambano. Nilitaka aone vidole vyangu, basi. Akakubali, nadhani kwa huruma.

Kuna pigo la kibaka linaitwa Gouge, unamchoma mtu usoni, anapigwa na bumbuwazi sekunde 4 hajijui. Kwenye vibaka wawili, anayewahi Gouge kashinda nusu ya mchezo. Tukasimama uso kwa uso. Tatu, mbili, moja... Nikabonyeza. Na yeye akabonyeza. Unajua kilichotokea? Wote wawili tukapigwa na bumbuwazi! Tumesimama pale kama vinyago vya Mwenge, yeye kaniduwaza, mimi nimemduwaza, sekunde 4 nzima, watu wanapita wanatucheka. Akaandika kicheko. Tukarudia. Tena sare. Tulirudia mara 11 usiku ule, na mimi niliandika yote. Sare 7. Yeye aliwahi mara 4. Mimi sikuwahi hata moja.

Yeye ndiye aliyenifungulia siri. Kwenye Classic walikuwa wameurudisha makusudi utaratibu wa seva za zamani. Mapigo ya wachezaji hayashughulikiwi moja moja jinsi yanavyofika. Yanakusanywa, na kila baada ya milisekunde kama 400 fungu zima linapitishwa kwa pamoja.

Nikasema hapa pantoni! Hii ni pantoni ya Kigamboni kabisa! Wewe unaweza kufika Magogoni saa mbili kamili na mimi nikafika na dakika saba jasho linanitoka, lakini kama geti halijafungwa tunapanda pantoni moja na tunakanyaga Kigamboni sawia. Faida ya kuwahi kwako ni kukaa kwenye benchi tu. Ila nikikuta geti limefungwa ndio basi, nasubiri nyingine. Ndiyo ile nusu sekunde yangu. 180 za baharini, na mpaka 400 za kusubiri pantoni.

Nikapiga hesabu. Laini yake yeye ilikuwa 30 na yangu 180, tofauti 150. Tukibonyeza pamoja, na pantoni ni ya 400, nafasi ya kupanda chombo kimoja ni 250 kwa 400, yaani mara 5 kati ya 8. Zile nyingine 3 anawahi yeye. Linganisha na usiku wetu, sare 7, yeye 4, mimi bila. Vidole vyangu havikuwa na kosa! Nilimwonyesha hiyo hesabu, akakaa kimya dakika mbili hivi, halafu akaandika: samahani.

Halafu akaniuliza kwa nini mtu wa mbali kama mimi nimechagua kazi ya kuvizia uchawi wa mwenzangu. Kwenye teke, kila kitu kinaanza kwa adui. Mpaka nione, mpaka nibonyeze, mpaka ifike. Akasema chukua kazi ambayo unaianza wewe mwenyewe. Kuwa mganga.

Braza Sele nilipomsimulia asubuhi aliitikia kwa kichwa huku anahesabu chenji. "Dogo, hata mimi ningekwambia hivyo," akasema. "Fundi mwenye duka mbali na barabara hauzi maji baridi, anauza friji."

"Sasa hiyo inahusiana nini, braza?"

"Fikiria mwenyewe. Na leo zamu ya kununua umeme ni yako."

Nilianza upya kutoka sifuri, miezi miwili na ushee ya kuua nguruwe pori, na siwezi kukusimulia hiyo maana utalala. Nilipofika ngazi ya 60 nikarudishwa kundini, safari hii na gauni jeupe. Na hapa ndipo zile sekunde 3 za tiba nzito zikanikumbatia. Ngoja nikueleze ninavyofanya. Simsubiri yule wa mbele, yule tunayemwita ngao, apigwe ndio nianze. Naanza kupika kabla. Sekunde mbili zinapita, namwangalia. Kama kapigwa, namwacha uchawi utoke, unamkuta anaanguka tu. Kama hajapigwa, nasogea hatua moja, sufuria linamwagika, na kwa kuwa nguvu zinakatwa uchawi ukitoka tu, sijapoteza hata senti. Naanza tena. Usiku kucha napika na kumwaga, napika na kumwaga. Kwenye sekunde 3, hiyo 180 yangu ni kitu gani? Naianza mapema, kwisha habari. Wale waganga wa Ulaya wenye laini ya 20 walikuwa wanapenda ile tiba ya haraka kwa sababu wanaweza kuona na kuwahi, wanaishiwa nguvu bosi bado ana nusu ya uhai. Mimi nabaki na akiba. Ikafika wakati kiongozi akiandika orodha, jina langu anaanza nalo.

Ila kila tukimaliza, yeye na mimi tunatoka nje ya geti. Mimi na yule kibaka wangu wa zamani, yeye na wake. Pambano moja la Gouge kabla ya kulala. Tunaduwazana, tunacheka, anakwenda kuwafunika watoto wake, nami nazima kompyuta ya Braza. Mwaka mzima hivyo.

Mwaka 2021 ikatangazwa kwamba pantoni inaondolewa. Wachezaji wengi walikuwa wamelalamika, na sikatai, walikuwa na haki yao. Mganga unatoa tiba, unaona kabisa imetoka, na mtu anakufa nayo kichwani. Unapiga teke, unaona limefika, na uchawi unatoka bado. Kwa hiyo fungu la milisekunde 400 likakatwa mpaka 10. Ni kama walivyotujengea Daraja la Kigamboni mwaka 2016, kila mtu na gari lake, aliyewahi kawahi. Kundini watu wakashangilia, na mimi nikashangilia, maana kwenye tiba kwa kweli mambo yalilainika. Sikuwaambia nilichoandika kwenye kaunta buku usiku ule. Tofauti yetu 150. Dirisha 10. Sare: sifuri.

Hakuna aliyenionea, naomba mnielewe. Saa ni ile ile kwa wote, imeandikwa kwenye kioo cha kila mtu kwa namba zile zile. Lakini ile saa mbovu, ile ya zamani iliyokuwa inasua sua, ndiyo iliyokuwa inampa mtu wa Sinza nafasi ya kusimama sawa na mtu wa Stockholm mara 5 kati ya 8. Wakiinoa wanainoa kwa ajili ya aliye karibu. Na hakuna aliyeniuliza. Hata mimi ningeulizwa, sijui ningejibu nini, maana ngao yangu alikuwa hafi hovyo tena.

Usiku wa kwanza baada ya mabadiliko tukatoka nje ya geti kama kawaida. Tatu, mbili, moja... nikaduwazwa. Mara ya pili nikaduwazwa. Mara ya tano nikawa bado sijamgusa. Hatukucheka.

Usiku wa tatu nikampata. Nilibonyeza, na pigo langu likafika la kwanza, yeye ndiye aliyeduwaa. Nikaruka kwenye kiti cha Braza mpaka nikagonga meza ya fotokopi. Nikampata tena pambano lililofuata. La tatu ndio nikamwangalia vizuri. Moja ikatoka, na yule kibaka wa Sweden akasimama. Hakubonyeza. Alikuwa ananisubiri, kitambo kidogo sana, kama mtu anayekushikia mlango wa daladala.

Nikakaa. Nikaandika: unanihesabia?

Hakujibu upesi. Akaandika: kidogo tu.

Nikamwambia asante sana kaka, lakini usinihesabie. Piga. Tatu, mbili, moja, akanipiga usoni, na mimi nikasimama pale nje ya geti la Orgrimmar nimeduwaa, nikiangalia zile sekunde 4 zinavyoisha moja moja.